Mshale wa joto unapanda nikiwasha taa: je, ni ethi?

Muulizaji, Tanga
Ndugu mafundi, habari za kazi. Tangu gari langu la mwaka 2004 libadilishwe klachi, kila nikiwasha taa kubwa mshale wa joto la injini hupanda, redio huvuma kwa sauti inayopanda kadiri ninavyokanyaga mafuta, na asubuhi stata huzunguka kwa uzito. Betri ni mpya, na alteneta (inayochaji betri) ikipimwa yenyewe inatoa volti 14.2. Nimeshauriwa kununua sensa mpya ya joto. Je, ninunue?

Fundi umeme
Tafadhali usinunue kwanza. Maji ya rejeta hayawezi kupata moto kwa sekunde moja. Kilichobadilika ni umeme. Umeme wa taa hurudi kupitia bodi hadi kwenye injini kwa waya mnene wa ethi, yaani waya wa kurudishia umeme, ambao hufunguliwa giaboksi inaposhushwa ili kubadilisha klachi. Usipokazwa vizuri, ukinzani (kizuizi cha umeme) wa omu 0.05 tu, kwa mzigo wa ampea 20, hupoteza volti 1 nzima, na kwa kuwa sensa imeshika injini huku dashibodi ikishika bodi, tofauti hiyo husomeka kama joto. Weka mita kwenye volti, ncha moja kwenye kichwa cha hasi cha betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha mtu apige stata. Ikizidi volti 0.5 kuna kasoro. Ethi nzima huonyesha 0.2 au pungufu.

Mchangiaji, Mombasa
Naongeza kwamba usipime waya huo kwa kuweka mita kwenye omu, kwa sababu waya uliobakiwa na nyuzi mbili nzima utaonyesha sifuri, lakini hautaweza kubeba umeme wa stata. Kwangu umeme ulitafuta njia nyingine ukapita kwenye kebo ya mafuta, hata ganda lake likayeyuka. Huku pwani, chunguza pia ndani ya ganda la waya: shaba yangu ilikuwa imegeuka kijani.

Muulizaji, Tanga
Nimepima nikapata volti 1.3. Bolti ilikuwa imefungwa juu ya rangi! Nimekwangua kwa msasa hadi chuma kikang'aa, nikakaza na kupaka grisi juu. Sasa ni 0.1 na mshale umetulia. Redio bado inavuma kidogo.

Fundi umeme
Kama una amplifaya, hamishia ethi yake mahali palepale iliposhika ethi ya redio, kisha utuambie.