Jukwaa la mabanzi limekatika, anayelaumiwa ni aliyeanguka

Wakuu, nina hasira na sizifichi. Mdogo wangu ni saidia fundi kwenye saiti ya ghorofa hapa Dar. Jumatano kaanguka na karai la udongo wa plasta. Paja limevunjika, mkono wa kushoto umeteguka. Analipwa kwa siku, kwa hiyo tangu siku ile hana hata mia.

Neno la kwanza la bosi: "Hakuwa makini."

Nimeenda kuona kwa macho yangu. Jukwaa lenyewe ni mapipa mawili, juu yake mabanzi matatu yaliyotoka kubanduliwa kwenye zege, misumari bado imo. La katikati limekatika penye kifundo. Pipa moja limekalia kifusi, nimeligusa kwa mguu likayumba. Ngazi ndiyo usiseme: papi (mbao nyembamba) za kukanyagia zimepigiliwa msumari mmoja mmoja, kidato cha tatu hakipo, na inaishia usawa wa jukwaa, ukivuka huna pa kushika. Ngazi ya kuegemeza inatakiwa izidi pale unaposhukia kwa kama mita 1, ifungwe juu, na kila mita 4 za kwenda juu mguu wake usogee mita 1 kutoka ukutani. Ile imesimama wima kama mlingoti, na mtu anaipanda karai begani, anashikilia kwa mkono mmoja! Umakini gani ungemwokoa hapo?

Kesho yake nimerudi, mabanzi hayapo. Mama lishe kapewa akokee moto.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ipo tangu 2003, na mzigo wa kuweka pa kukanyagia salama ni wa mwajiri. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi nao upo, mchango anatoa mwajiri peke yake, mfanyakazi hakatwi kitu. Nimemuuliza bosi kuhusu fidia, kajibu: "Huyo kibarua tu, hayumo kwenye daftari." Yaani kutomwandika ndiyo imekuwa kinga yake! Miezi mitano kambebea matofali, leo hamjui.

Mliowahi kufuatilia fidia ya kibarua asiye na mkataba, mlianzia wapi? Picha za mapipa na ngazi ninazo, nilipiga siku ile ya kwanza. Mashahidi ni wawili, ila mmoja keshaambiwa akifungua mdomo asirudi kazini.