Plagi nilichomoa, na bado radi imenichomea redio

mvua_tororo:
Jambo wazee. Niko Tororo, Uganda, nyuma ya mwamba, na mnajua mvua za huku. Jumamosi jioni radi imepiga mwembe wa jirani, kama hatua 50 toka kwangu, mimi nishachomoa plagi ukutani nimekaa zangu nakunywa chai najua niko salama. Asubuhi nawasha redio ya HF (ile ya kuongea na watu wa mbali hewani) inawaka vizuri, kutuma inatuma, kupokea kimya, hata ule mvumo wa hewani hamna. Antena ni daipoli ya bendi ya mita 40 (waya wenyewe ni nusu yake, kama mita 20) na koaksi, kebo ya kutoka antena hadi redio, niliiacha imechomekwa. Ila arresta (kinga ya radi) ninayo, iko dirishani! Sasa ilikuwa inafanya nini pale?

babu_koaksi:
Pole mwanangu. Arresta haimezi radi, inaifungulia mlango tu ishuke chini. Umeifunga kwa ethi gani?

mvua_tororo:
Bomba la maji mzee.
...nimetoka kuangalia sasa hivi. Kuanzia ukutani kwenda nje ni la plastiki 😭

jinja_shotiwevu:
😂 pole ndugu. Radi si lazima iguse antena, ikipiga karibu tu ule waya wako wa mita 20 unaokota volti za kutosha. Mwambie fundi aanze na diodi ndogo za pale antena inapoingilia upande wa kupokea, mara nyingi ndizo zinakufa kwanza.

Halafu ethi. Piga nondo ya shaba ya mita 2.4 hapo nje koaksi inapoingilia, arresta ikae hapo hapo, LAKINI nondo hiyo iunganishe na ethi ya umeme wa nyumba kwa waya mnene. Hapa ndipo wengi tunakosea, mimi pia nilichoma pawa saplai hivyo hivyo. Radi ikitua jirani ardhi yenyewe inapanda volti, nondo ya antena ina zake, ethi ya nyumba ina zake, na daraja pekee kati yao ni redio yako, basi mkondo unapita humo humo. Ukiziunga zinapanda pamoja zinashuka pamoja. Waya usiupinde kona kali. Na chumvi usimwage, inakula nondo, mimi yangu nimeichimbia maji ya bafu yanapomwagika, murramu kavu haina faida.

babu_koaksi:
Na shaba ifukie, yangu iliondoka usiku ikaenda kwa watu wa skrepa.

Hata ukifanya yote hayo, radi ikitua kwenye antena yenyewe sikuahidi kitu. Mimi nikimaliza kuongea nafungua koaksi naitoa nje ya dirisha, si nyuma ya meza, cheche inaruka. Ila ukishasikia ngurumo usiiguse tena, acha redio ife. 2011 kule Kiryandongo radi iliua wanafunzi 18 kwa pigo moja.

mvua_tororo:
Fundi kaikuta, diodi 2 zimepasuka, kingine kizima. Nondo naifuata Jumatatu. Saa hii wingu limeanza kukaa juu ya mwamba, koaksi ishatoka nje, kichwa chake nimekitia ndani ya chupa.