Tupeane uzoefu: mabua na miti ya mbaazi, unaacha kiasi gani shambani?

Wakuu, habari za mashamba. Niko Ruangwa, nina ekari 3 za mahindi na mbaazi. Kuna mwaka nilimkaribisha mfugaji aingize ng'ombe baada ya mavuno. Wakala mpaka vishina, na miti ya mbaazi iliyobaki ikabebwa kuni. Mvua za Desemba zilipopiga, maji yalichimba vijifereji hadi kwa jirani, udongo mweusi wa juu ukaenda nayo. Mahindi yakatoka ya njano, niliumia sana. Sasa nakata mabua usawa wa goti: ya juu chakula cha ng'ombe, ya chini yanabaki yamesimama. Wenzangu mnafanyaje?

Mchangiaji, Newala
Pole sana kaka. Huku juu udongo wetu ni kichanga, na kuni tunazifuata mbali, kwa hiyo siwezi kumwambia mtu aache miti ya mbaazi. Ila mimi siing'oi. Naikata kwa panga, mizizi inabaki chini, halafu nailaza palepale siku kadhaa majani yapukutike. Kila mzigo naukung'uta kabla ya kujitwika. Naitrojeni, kile kirutubisho cha kukuza mmea, iko kwenye majani na mizizi. Ule mti mkavu acha uivishe ugali. Maganda nayo nikishapura nayarudisha shambani. Februari nikifunua yale majani nakuta unyevu na nyungunyungu, wakati kwenye njia ya pembeni ni vumbi tupu.

Mchangiaji, Nachingwea
Sisi wa ufuta tulikuwa tukishapura kwenye turubai, lundo lote la mabua tunatia kiberiti. Mwaka unaofuata mazao yananawiri palipokuwa na jivu tu. Siku hizi natawanya shamba zima. Ninachopigana nacho ni moto wa wasaka panya, Septemba hivi. Nafyeka mkanda kuzunguka shamba.

Mchangiaji, Tandahimba
Mchwa je? Kwangu hadi Novemba hakuna kitu.

Mwanzisha mada
Mama, yaliyolala ndiyo wanayamaliza haraka, yaliyosimama yanachelewa. Kilimo hifadhi, yaani kile cha kulinda udongo, kinataka walau asilimia 30 ya ardhi iwe imefunikwa wakati wa kupanda, basi kadiria hapo. Na usiyafukie karibu na kupanda, yakianza kuoza yanainyang'anya mahindi naitrojeni. Ng'ombe bado nawakaribisha, lakini tumepatana na mfugaji: wakila kwangu, walale kwangu. Leo ni usiku wa nne, samadi imetapakaa mpaka kwenye vile vijifereji.