Muuguzi mwenye uzamili aruhusiwe kutibu kwa leseni yake mwenyewe?

Mleta mada (muuguzi, Kayole, Nairobi): Wenzangu, nauleta msimamo wangu muupinge au muuunge mkono. Muuguzi aliyesoma hadi uzamili apewe leseni ya kupima, kutambua ugonjwa na kuandika dawa bila kungoja saini ya daktari, na alipwe kwa kiwango hicho.

Angalieni tunavyopanda. Kuna diploma ya KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya. Walioanza na cheti walirudi darasani. Tangu 2005, kupitia mpango wa shirika la afya la Amref na Baraza la Wauguzi linalotupa leseni, wengi wao walisomea diploma kwa kompyuta bila kuacha kazi. Kuna diploma ya juu ya wagonjwa mahututi, ya figo, ya chumba cha upasuaji. Kuna shahada, halafu uzamili pale Chuo Kikuu cha Nairobi. Karo inatoka kwenye mkopo wa sacco na zamu za usiku. Ukimaliza, unarudishwa wodi ileile, na mgonjwa wa presha aliyetoka Mukuru kwa nauli ya kukopa anaambiwa angoje daktari.

Jambo hili si geni. Marekani mafunzo ya aina hii yalianza 1965 Chuo Kikuu cha Colorado, yakianzishwa na muuguzi Loretta Ford na daktari Henry Silver. Hapa Afrika, Botswana inawafunza wauguzi wa kutibu familia tangu miaka ya 1980. Sisi tunasubiri nini?

Afisa wa kliniki, Dandora: Sista, nakuheshimu, lakini kazi unayoiomba ina wenyewe. Pengo la madaktari Kenya ililiziba zamani kwa kutufunza sisi maafisa wa kliniki tutibu: miaka mitatu chuoni, mwaka mmoja wa mafunzo hospitalini, na sheria yetu ya 2017. Wenzangu wamehitimu na wako nyumbani hawana ajira. Kaunti iwaajiri hao kwanza. Na nyinyi mkihamia chumba cha kutibu, wodini atabaki nani?

Mkazi wa Mathare: Mimi si mtaalamu. Zahanati ninayokwenda haina daktari, ni sista tu, na ananitibu vizuri. Ninachouliza ni kimoja: akikosea, nimshtaki nani?

Daktari, Ngara: Swali la mama ndilo zito. Sipingi kwa presha na sukari. Dawa za kuua vijidudu (antibiotiki), hapo naogopa, tayari zinatumiwa ovyo mjini. Pawe na mtihani mgumu, na mwaka mzima chini ya daktari.

Mleta mada: Mama, umesema kile ambacho serikali haitaki kukiandika. Sista wako anatibu tayari. Dawa za HIV wauguzi wanazianzisha na kuzifuatilia vituoni. Mwaka 2017 Wizara ya Afya ilitoa sera ya kugawana majukumu kwa sababu ilijua hali ilivyo. Kumwachia mtu kazi halafu kumnyima leseni ya kazi hiyo ndiko kunakokuacha bila wa kumshtaki. Akiwa na leseni, ina namba, na Baraza linaweza kuifuta.

Ndugu wa Dandora, kuhusu ajira uko sahihi kabisa na nitaandamana nawe. Ila siombi chumba chako. Naomba wale wagonjwa tunaokaa nao miaka: wa sukari, wa presha, wa figo, mama baada ya kujifungua. Wodi nazo zinapoteza wauguzi hata sasa. Mkataba wa 2021 na Uingereza unawachukua wauguzi wetu, na niliosoma nao wananiambia wazi kwamba wanakwenda kule ambako masomo yao yatahesabiwa. Tukiwapa hadhi hapa, baadhi watabaki.

Daktari, mtihani naukubali, na mwaka wa kusimamiwa pia. Ninachokataa ni madaktari kuutunga na kuusahihisha peke yenu. Nusu ya watahini wawe wauguzi wenye uzamili, na leseni itolewe na Baraza la Wauguzi. Hapo unakubali?