Mkataba wa kutoshambuliana Travian: naweza kuuvunja bila ya lawama?

Kijana wa Wete: Assalaam alaykum wakuu. Mie ni kiongozi wa muungano mmoja Travian, ule mchezo wa vita wa mtandaoni. Tangu sava (duru ya mchezo) ilipofunguliwa tuna mkataba wa kutoshambuliana na muungano jirani, na tumeandikiana kabisa: anayetaka kujitoa atoe taarifa saa 24 kabla. Sasa jirani anajenga Ajabu ya Dunia na imeshapita daraja la 90. Ikifika 100 sava imekwisha, washindi wao. Vijana wangu wamenikaba, wanataka manati ya kubomolea majengo yatoke. Kijiji chenyewe kiko miraba 6 tu kutoka kwangu. Nisaidieni, usingizi siupati.

Fundi wa Darajani: Mkataba wa Travian ni maandishi tu kwenye ukurasa wa muungano. Mchezo wenyewe haukuzuii. Piga.

Ustadhi Michenzani: Usimsikilize huyo. Kasome Hudaibiya, mkataba wa Mtume na Makureshi, mwaka wa 6 Hijria. Mkataba wa miaka 10, masharti mazito, na Waislamu wakaushika. Waliouharibu ni upande wa Makureshi, pale washirika wao Banu Bakr walipowavamia Khuzaa, washirika wa Waislamu. Mwaka wa 8 Makka ikafunguliwa. Ahadi ni ahadi, hata ya kwenye simu.

Karafuu Kavu: Sie Wazanzibari mikataba tumeizoea. Muafaka wa CCM na CUF 1999, Muafaka 2001, halafu Maridhiano, mpaka kura ya maoni ya Julai 2010. Mwambie jirani muunde serikali ya umoja wa kitaifa, Ajabu mjenge pamoja 😂

Msimamizi: Siasa ina jukwaa lake.

Bi Mkubwa wa Chake: Mume wangu alikuwa na mchezo huo huo. Saa nane za usiku yuko macho, ati anawapelekea wenzake ngano majeshi yasife njaa. Nikajua huyu ana mke Mkoani. Nikamchunguza weee, kumbe ni ngano kweli. Mke alikuja baadaye.

Mpiga Mbizi: Pole Bi Mkubwa. Kijana, mie kuna jambo linanitatiza. Saa 24 si nyingi. Toa taarifa leo, kesho upige kwa halali yako. Kwani kinachokuzuia nini?

Kijana wa Wete: Taarifa nimpe nani? Kiongozi wao kenda Umra, simu kazima mpaka arudi.

Mpiga Mbizi: Na akaunti yake anamuangalizia nani?

Kijana wa Wete: Mie.

Mpiga Mbizi: 🙆

Kijana wa Wete: Ni ami yangu, alinikabidhi kabla ya kuondoka. Lakini msinifahamu vibaya. Kazi niliyopewa ni kumtunzia vijiji, na navitunza, hajapungukiwa na chochote. Muungano wangu nao ni amana, watu wamekesha miezi humo. Na ami mwenyewe ndiye aliyenisomesha kuwa vita ni hadaa.

Ustadhi Michenzani: Hadaa ni kwa adui aliyejiandaa. Huyu kakuachia ufunguo.

Fundi wa Darajani: Kwa hiyo shambulizi likiingia kwake, wa kuziona zile panga nyekundu za kuonya ni wewe mwenyewe? Basi nimefuta ushauri wangu.

Bi Mkubwa wa Chake: Mpigie mama yako umuulize.

Kijana wa Wete: Manati nimeshayatuma, tangu jana usiku. Yanafika kesho alfajiri. Kuyarejesha ni ndani ya sekunde 90 tu na zimeshapita. Nilichokuwa nataka ni namna ya kumwambia ami akirudi.

Mchora Ramani: Wakuu, hii chai. Jeshi huenda kwa mwendo wa aliye mzito, na manati ni miraba 3 kwa saa kwenye sava ya kawaida. Miraba 6 ni saa mbili. Yametoka jana usiku na kesho alfajiri ndo yafike? Yamelala bandarini yakingoja boti?

Kijana wa Wete: Miraba niliikisia. Nimekuja kutaka ushauri, sikuja kufanya mtihani wa hesabu.

Mchora Ramani: Kiongozi wa muungano hajui umbali wa Ajabu anayoipiga. Haya.

Pweza wa Micheweni: Ya kweli au ya uongo, mie nina kijiji kipya na sina muungano. Sava ipi hiyo?

Kijana wa Wete: Sava sitaji. Ami husoma humu kila usiku, atanijua.

Karafuu Kavu: Simu si kazima?