Picha za khanga za bibi: nisevu JPEG, PNG au TIFF?

Binti_Ngamiani
Wakuu habari zenu, naombeni ushauri. Bibi yetu hapa Tanga ana khanga kama 140 sandukuni, nyingine za kabla mama hajaolewa, na nondo wameshaanza kuzila kwenye mikunjo. Nimeazima kamera ya megapikseli 24, kila asubuhi kabla jua halijawa kali nazitandaza uani napiga moja moja, mji (sehemu ya katikati), pindo na jina (maneno yake) vyote vionekane. Kamera inatoa JPEG. Sasa juzi nilifungua moja kwenye laptopu nikakata kingo nikasevu, nikarudi kuinyoosha nikasevu, nikarudi tena kwenye rangi nikasevu, kama mara tano hivi. Nilipoikuza nikashtuka, lile jina "Wema hauozi" ambalo ni jekundu juu ya bluu limezungukwa na vumbivumbi, na wekundu umevujia kwenye bluu. Khanga yenyewe miaka yote hiyo haijawahi kuchuja! Imeniuma kwa kweli, maana nguo ikiisha picha ndiyo itakayobaki. Nitumie fomati gani? Laptopu yangu nafasi ni ndogo.

Fundi_Lenzi
Pole sana dada. JPEG inaikata picha vipande vya pikseli 8 kwa 8, halafu kila kipande inatupa vile vitu vidogovidogo ambavyo jicho halivioni kirahisi, ndo maana faili linakuwa dogo. Ukifungua ukarekebisha ukasevu tena, inatupa tena. Halafu huo wekundu kuvuja una sababu yake: mara nyingi mwanga unatunzwa kwa kila pikseli lakini rangi inagawanwa na pikseli mbili au nne. Kwenye sura ya mtu hutagundua ila nyekundu ikigusana na bluu lazima uione. Weka kamera kwenye RAW (data ghafi ya kamera), rekebisha, kisha sevu TIFF iliyobanwa kwa LZW au ZIP, hizo ni njia za kubana zisizotupa kitu. Kama ni ya biti 16 kwa kila rangi chukua ZIP, LZW hapo inaweza kukupa faili kubwa kuliko lisilobanwa kabisa.

kaka_wa_data
Naunga mkono, na PNG nayo haipotezi kitu. Nafasi isikutishe, piga hesabu: pikseli 6000 × 4000 × baiti 3 za kila pikseli (biti 8 kwa kila rangi) ni MB 72 kwa picha, zote 140 ni kama GB 10, na hapo hujabana. Nunua eksteno (diski za nje) mbili, moja ikae kwako nyingine kwa ndugu nyumba nyingine. Hapo usibanie hela.

Msomi_Pwani
Mbona WebP, ile fomati ya picha za mtandaoni, hamuitaji? Ndogo na simu zinafungua.

Fundi_Lenzi
Mkuu WebP ya kupoteza inagawana rangi vilevile pikseli nne, hakuna namna ya kuizima, kwa hiyo ugonjwa wa dada unabaki palepale. Ipo isiyopoteza, ila kwa picha ya kutunza miaka 30 mimi naenda na TIFF, imekuwepo tangu 1986 na karibu kila programu ya kurekebisha picha inaijua. WebP mrushie shangazi aangalie kwenye simu.

Binti_Ngamiani
Asanteni sana. Na zile ambazo nimeshaziharibu, nikizigeuza kuwa PNG zitarudi?

kaka_wa_data
Hapana dada, chai iliyopoa hata uimimine kwenye chupa haichemki. PNG itaizuia tu isiharibike zaidi. Tafuta zile za mwanzo kwenye kadi ya kamera, kama hukuzifuta hizo ndizo asili, zikopi kabla hujapiga nyingine na usizisevu juu yake. Na za kumtumia mtu toa kwenye TIFF, JPEG kwaliti 90 kwenda juu, ile sehemu ya rangi uchague 4:4:4, yaani kila pikseli ibaki na rangi yake.

Binti_Ngamiani
Mrejesho: kadi ilikuwa na 31, nimezikopi. "Wema hauozi" nimeipiga upya leo kwa RAW, nimekuza mpaka naona nyuzi za pamba na herufi zimekaa sawa. Bibi alikuwa pembeni, akaniambia pindo hilo nimelipiga juu chini. Kesho naanza upya na za rafu ya chini, zile zilizoliwa zaidi.