Paka ananyonyoka manyoya, na mtoto ametoka mashilingi

MamaShani: Wakuu, naombeni ushauri. Paka wetu mdogo amenyonyoka masikioni na mguuni, ngozi ina ukoko kama mba. Mwanangu hulala naye, sasa ana mashilingi shavuni na shingoni. Mama mkwe anataka paka akatupwe sokoni leo leo, na mtoto amegoma kula. Duka la mifugo wameniuzia ivermektini ya sindano, bado sijamchoma.

Kipanga_Temeke: Mpake oili chafu. Mbwa wetu wote walipona hivyo.

Vet_Moro: Kipanga, paka hujilamba mwili mzima, oili hiyo itaishia tumboni. Dawa za kuogeshea mbwa na ng'ombe nazo zisimguse, hasa zenye permethrini. Zinaua paka.

Dada, hiyo inaelekea kuwa choa, ndiyo hayo mashilingi ya mtoto, na kwa paka mara nyingi mletaji ni fangasi aitwaye Microsporum canis. Ivermektini huua wadudu wa upele, fangasi haimtishi. Ila upele wa paka nao huanzia masikioni, kwa hiyo akakwanguliwe ngozi, waangalie kwenye hadubini kwanza. Ikiwa ni choa, kwa kawaida hupewa itrakonazoli ya kunywa kwa kipimo cha uzito wake, huku akioshwa mara mbili kwa wiki kwa shampuu ya kuua fangasi. Ni wiki kadhaa. Manyoya yakiota usiache dawa, subiri daktari aseme.

MamaShani: Asante sana daktari. Na nyumba je?

Vet_Moro: Hapo ndipo wengi hukwama. Mbegu za fangasi huyo hukaa kwenye manyoya yaliyodondoka hata mwaka na nusu. Paka akae chumba kimoja kisicho na zulia. Ondoa manyoya kila siku, piga deki kwa sabuni, kisha jiki iliyozimuliwa, paka akiwa nje mpaka pakauke. Shuka za mtoto zifuliwe peke yake.

NesiTabata: Mtoto apakwe krimu ya fangasi ya klotrimazoli mara mbili kwa siku, na alama zikifutika mwendelee kidogo. Zile krimu za mchanganyiko zenye steroidi achaneni nazo: wekundu unafifia, fangasi anazidi kutambaa. Akitoka mapunye kichwani, mpeleke hospitali, huko krimu haifiki, anahitaji dawa ya kunywa.

MamaShani: Kesho asubuhi tunaenda. Dada wa kazi naye ana duara mkononi, atumie hiyohiyo?

NesiTabata: Hiyohiyo, ila mnunulie tyubu yake. Kama ana ujauzito, aulize kliniki kwanza.